Salamu ya Chuma ya Maalim Aidarus

Sasa hivi tu, kabla sijaandika hata jina, mwanangu Loise ametoka kwenye leso niliyomtandikia chini, akaenda kwenye kasha la kompyuta lililo wazi pale pembeni. Kabla ya kugusa chochote akaweka kiganja chake kwenye ubavu wa chuma. Akakiacha hapo kidogo, kama mtu anayesikiliza. Ndipo akaichukua feni mbovu niliyompa achezee. Hajatimiza miaka miwili. Hakuna aliyemfundisha, ameona tu.

Mwenye salamu hiyo ni Maalim Aidarus Swaleh, fundi wa kompyuta wa Jumuiya yetu hapa Ndia Kuu, Mji wa Kale, ambaye Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu atastaafu baada ya kuitumikia Jumuiya kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Katibu wetu, Bi Raihana, ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida. Nilimwambia shule niliiachia darasa la nane, na wapo hapa wanaojua kuandika kunizidi. Akasema hao watahutubia siku yenyewe. Jarida linamtaka aliyekaa naye meza moja. Basi nimekaa. Yeye yuko ng'ambo ya chumba, anajifanya hajui ninachoandika.

Maalim hakuanza na kompyuta. Ujanani alikuwa akitengeneza redio katika duka la mjomba wake, milango michache kutoka hapa. Jumuiya ilipopata kompyuta zake za kwanza, za msaada, zilikaa ndani ya maboksi tangu Ramadhani hadi Mfungo Sita, nusu mwaka mzima, kila mtu akiogopa kuzifungua. Maalim akaomba ajaribu. Wanaokumbuka wanasema alifungua moja, akaitazama kutwa nzima bila kutia mkono, akaifunga, akaenda zake. Kesho yake vivyo hivyo. Walipoanza kunong'ona kwamba wameleta mtazamaji badala ya fundi, ndipo akashika bisibisi. Mashine zile zilisomesha watoto wa mtaa huu mpaka zikachoka zenyewe.

Adui yetu kisiwani ni chumvi. Upepo wa bahari hauna adabu, huingia hata palipofungwa, na baada ya msimu mmoja meno ya memori yanaota ukungu wa kijani. Mashine inakataa kuwaka, mwenyewe anadhani imekufa. Maalim ataichomoa memori, aishike kwa kingo kama mtu anayeshika picha iliyotoka kusafishwa, ayasugue meno yake kwa raba ya mwanafunzi, airudishe mpaka vishikizo vya pande zote mbili vilie. Mashine nyingi zilizoandikiwa kutupwa zimefufuka kwa raba ile.

Mimi mwenyewe nilikuja hapa na gunia. Kwetu Kibarani wapo wanaookota vyuma, na bodi za kompyuta huchomwa moto ipatikane shaba. Nilisikia kuna mzee wa Mji wa Kale anayezitaka zikiwa nzima. Nikaja, mimba yangu kubwa, gunia kichwani. Maalim akanitua gunia kabla ya kuuliza lina nini, akanipa kiti, akanipa maji, kisha akaanza kutoa feni na nyaya moja moja huku akinitajia majina yake, kama anayenijulisha kwa jamaa zake. Nilipojifungua alimwomba Bi Raihana nipewe kazi ya usafi wa ofisi, na nije na mtoto. Asubuhi nikafagia, mchana nikakaa mezani kwake.

Kila kazi huianza kwa utaratibu mmoja. Mashine inachomolewa ukutani, maana kuizima hakutoshi, kuzima ni kufumba macho tu. Kisha kitufe cha kuwashia kinabonyezwa wakati haina plagi, umeme uliobaki ndani umalizike. Pete, saa na bangili zinavuliwa. Mwisho kiganja kinawekwa kwenye chuma cha kasha, kwa sababu mwili wa mtu hubeba cheche ndogo ambayo yeye haihisi lakini bodi inaihisi, na ikiipata, bodi imekwenda. Hiyo ndiyo salamu ya chuma. Bila salamu hiyo hapa mezani hapaguswi kitu, hata awe mwenyekiti.

Fahmi, karani wetu, alimlalamikia siku moja kwamba yeye anapitwa asubuhi bila hata kuangaliwa, lakini kasha linapewa mkono. Maalim akamjibu bila kuinua kichwa, "Wewe nikikugusa huharibiki."

Skrubu zake huziweka ndani ya vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, kila aina na kikombe chake. Sasa muuza kahawa wetu hupita alasiri na dele lake, na ni mtu asiyeuliza. Akiona kikombe, anajaza. Siku moja Maalim alikuwa ameinama kwenye kasha, akasikia harufu, akanyoosha mkono bila kutazama, akanywa. Skrubu ikagonga jino. Aliitema kiganjani, akaikagua, akasema ni ya diski, na kikombe kile hakikutiwa skrubu tena. Muuza kahawa hadi leo akipita hapa huchungulia kikombe kwanza, na watu humcheka.

Kisanduku cha umeme, kile chenye feni nyuma ya mashine, alinikataza kukifungua hata kikiwa kimechomolewa, maana kinaweka umeme ndani kwa muda mrefu. Kikifa hubadilishwa kizima. Alisema kuna jirani unayeingia hadi jikoni kwake, na kuna jirani unayemsalimia mlangoni. Kile ni cha mlangoni.

Na nyuzi. Mkewe, Bi Bimdogo, alikuwa akishona kofia, zile za mkono zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi, na mabaki ya nyuzi zake Maalim aliyaleta hapa. Kabla ya kung'oa waya wowote huufunga uzi wa rangi, na rangi ile ile huiweka pale ulipotoka, ili kila waya urudi kwao. Bi Bimdogo alikuwa akisema ameolewa na mwizi wa nyuzi. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu akimletea chakula cha mchana, na juu ya kifuniko cha bakuli amezungusha uzi mpya, rangi ambayo Maalim alikuwa ameishiwa.

Bi Bimdogo alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu.

Maalim alirudi kazini baada ya matanga na hakubadilika sana, isipokuwa neno moja. Zamani tukishachomoa mashine, alikuwa akiniambia nibonyeze kitufe niitoe pumzi ya mwisho. Ilikuwa kauli yake, hata watoto wa darasa la kompyuta waliiiga. Tangu msiba hajaitamka tena. Sasa husema tu, maliza umeme. Na nyuzi hazikatwi tena kutoka kwenye kibunda. Kazi ikiisha anazifungua kutoka kwenye waya, anazinyoosha kwa kidole gumba, anazirudisha kisandukuni, kwa sababu hakuna nyingine zitakazokuja.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Kwanza ilikuwa kikombe kikigonga sahani. Baadaye bisibisi haikai kwenye kichwa cha skrubu. Alikwenda hospitali, akaambiwa ni maradhi ya mishipa, yapo ya kuyatuliza, ya kuyaondoa hakuna. Alitueleza hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema feni hii ndiyo kwisha.

Miezi michache iliyopita mashine ya zahanati ya Jumuiya, yenye kadi za chanjo za watoto, iliharibika. Maalim alikuwa akirudisha prosesa, ule ubongo wa mashine, mahali pake. Pale penyewe pana pini nyembamba kuliko unywele, mamia, na prosesa inatakiwa kutua juu yake kama jani. Mkono ukatikisika, ikaanguka kwa pembe, pini zikalala. Bodi nzima imekwenda. Hakumlaumu mtu wala kitu. Alinawa uso, akavaa kofia, akapanda ngazi mwenyewe hadi kwa kamati ya Jumuiya, akawaambia kwamba ameiua bodi ya zahanati, mkono umemtoka, na wamtafutie siku ya kustaafu kabla hajaua nyingine.

Kamati ilimsikitikia. Lakini pia ikasema kwamba akiondoka Maalim, chumba hiki kifungwe kiwe stoo ya viti, na mashine zikiharibika zipelekwe kwa mafundi wa mjini. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Maalim aliporudi mezani alikaa muda mrefu akivipanga vikombe vyake vya skrubu. Alikuwa amekubali kuondoka yeye. Meza kufungwa hakukubali. Ameiona zahanati ikimsubiri fundi wa mjini wiki nzima kwa waya mmoja uliochomoka, akina mama wamebeba watoto kwenye jua, wameambiwa rudini kesho. Akawaomba wanakamati kitu kimoja tu: bodi mpya ikifika, waiache ifungwe hapa hapa, kisha ndipo waamue.

Bodi ilifika wiki iliyopita. Bi Raihana aliteremka kutazama, Fahmi naye akasimama mlangoni. Maalim alichomoa, akabonyeza, akavua pete yake ya fedha, akakisalimu chuma. Akafungua kishikizo cha mahali pa prosesa. Akaishika prosesa kwa kingo, na sote tukaiona inavyotetemeka hewani juu ya zile pini. Akairudisha ndani ya kiboksi chake taratibu, akakifunga. Akasogea, akaniachia kiti.

"Vua bangili, Kadzo. Leo mkono ni wako."

Nilizivua. Nikaweka kiganja kwenye chuma, na chuma kilikuwa bado na joto la kiganja chake. Pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa lazima ikabiliane na alama iliyo kwenye bodi, hilo nilikuwa nalijua kama jina langu, lakini niliangalia mara nyingi nisijiamini. Nilipoifikisha juu yake nikataka kuibonyeza ikae.

"Usiisukume, mwanangu," akasema nyuma yangu. "Ikipata pahala pake, yalala yenyewe."

Ikalala. Nikafunga kishikizo, nikatia ile dawa ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mchele, nikafunga feni, skrubu kwa mshazari, hii kidogo na ile kidogo, nisikaze upande mmoja. Nikarudisha waya nikifuata nyuzi za marehemu: nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Tulipochomeka na kubonyeza, feni ikazunguka na skrini ikaleta mwanga, Fahmi akasema alhamdulillahi. Nikageuka nimwone Maalim. Alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo, anafuta miwani yake kwa ncha ya shuka, na aliifuta muda mrefu sana kuliko miwani inavyohitaji. Pete yake ilikuwa bado juu ya meza. Hajaivaa tena tangu siku ile. Ameiacha ndani ya kikombe kimoja cha kahawa, kile kilichokosa skrubu.

Kamati haijatamka neno. Bi Raihana alipanda ngazi siku ile, na tangu hapo tunangoja. Maalim hajamuuliza mtu. Ila kila jioni akifunga chumba, huushika ufunguo mkononi kidogo kabla ya kuutia mfukoni.

Maalim, hili sasa nakuandikia wewe, ingawa utajifanya hukulisoma. Ahsante kwa kiti na kwa maji ya siku ile ya gunia. Ahsante kwa kila mashine uliyoirudisha, na kwa watoto wa mtaa walioandika majina yao mara ya kwanza kwenye kibodi ulizozipangusa wewe. Ahsante kwa kumwacha Loise alale chini ya meza yako, na kwa kuiweka bisibisi mezani polepole akilala. Jumuiya nzima inakuombea afya, mikono iliyotulia, na majirani wa jikoni wengi kuliko wa mlangoni. Nyumba yako isiwe na kimya kikubwa. Pitia hapa alasiri, kahawa itakuwepo, na kikombe chako tutakichungulia kwanza. Na mimi naomba, nikijaliwa, nikukute siku moja umekaa pale kwenye kiti cha wageni, meza ipo, vikombe vipo, nami nikuombe ruhusa ya

Bi Raihana ameita kutoka juu ya ngazi. Ameita, "Fundi, mashine ya zahanati imezima, watu wamejaa." Nimemtazama Maalim ainuke. Hainuki. Anasema wala si yeye aliyeitwa. Amemnyanyua Loise, amempakata, na kwa kidevu ananionyesha bangili zangu, nizivue, huku mkono wake ukitetemeka akiuleta ule ufunguo juu ya meza, upande wangu. Nazivua, naenda.