Mfuko wa Kulia: Risala ya Mafundi Cherehani kwa Mheshimiwa Meya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya wa mji wetu, daktari wetu, dada muuguzi, ndugu na jamaa mliokubali kukalia viti vya kuazima, majirani wa mtaa huu, mabibi na mabwana:

KARIBU

Karibu sana karakanani. Tumefurahi kukuona, na hatusemi hivyo kwa kuwa risala huanza hivyo. Mlango huu ulifungwa kwa amri ya ofisi yako miezi mitano iliyopita, na leo umekuja kuufungua kwa mkono wako. Ungeweza kumpa mtu ufunguo akauleta. Umekuja mwenyewe, na hilo tumeliona.

Utuwie radhi kwa harufu ya rangi. Ofisi yako ilituruhusu kuingia juzi, tukamaliza kupaka jana, na aliyeegemea ukuta wa kushoto asishangae akifika nyumbani.

SISI NI NANI

Sisi ni mafundi ishirini na wanne. Sote tunatibiwa katika zahanati iliyo upande wa pili wa ua huu. Kuna anayesikia sauti, kuna aliyewahi kukaa mwaka mzima bila kutoka kitandani, kuna aliyetembea hadi mji wa jirani bila viatu akiamini anaitwa. Wengine wetu wanameza vidonge, wengine wanachomwa sindano kila mwezi. Tunalisema waziwazi kwa sababu mtaani hapa hakuna siri. Mwanzoni watoto walipaita "kwa wale wa vidonge," na wazazi wao walileta nguo kwa mlango wa nyuma wasionekane. Hadi tunafungiwa walikuwa wanapita mbele na kugombania foleni.

Karakana ilianza miaka tisa iliyopita na cherehani mbili, moja ikiwa mbovu. Aliyeitengeneza ile mbovu ni mwenzetu tunayemwita Pindo. Alikuwa fundi kabla ya kuugua, na kazi yake ni mapindo ya suruali na sketi. Karibu kila fundi unayemwona hapa amefundishwa naye kushika kitambaa. Ana maneno machache na subira nyingi. Ukikosea hakugombezi, anaichukua nguo, anaifumua, anakurudishia, anasema, "Haya, tena." Leo hayupo. Yuko mahabusu, kama unavyojua, na risala hii kwa kweli ni yake.

TULIYOYAFANYA

Kabla mlango haujafungwa tulikuwa tunashona sare za shule tatu, mapazia ya ofisi na mashuka ya zahanati. Kwa miaka miwili hakuna fundi wetu hata mmoja aliyerudi kulazwa. Mkata vitambaa wetu ameoa, na aliyemwoa ni mteja aliyekuja kulalamika kwamba gauni limembana. Gauni lilimbana kweli. Wakati wa kampeni tulipata kazi kubwa kuliko zote: mashati ya chama chako, Mheshimiwa, na mashati ya wenzenu wa upande wa pili. Tulishona yote, na hatukumwuliza mtu kadi ya chama.

Tuna utaratibu wetu hapa. Nguo ikitoka na kasoro hatuitupi. Kila Ijumaa anapewa fundi mmoja kwa zamu, anakwenda nayo nyumbani. Ukituona mtaani, huyu mkono mmoja mrefu, yule kola imekaa upande, usicheke sana. Hiyo ndiyo posho yetu.

YALIYOTUPATA

Wiki ya mwisho ya kampeni, siku ya sindano ilipita bila sindano. Gari la zahanati lilikuwa limeazimwa kwenye misafara, na dada muuguzi akaondoka nalo. Hatusemi liliazimwa na nani. Liliporudi lilikuwa na mabango kwenye kiti cha nyuma, na uso uliokuwa kwenye mabango hayo tunao hapa leo, meza kuu, karibu na maua.

Magari ya matangazo yalipita hapa kutwa nzima. Pindo akaanza kuziba masikio kwa pamba ya kujazia mito. Tulimtania. "Pindo leo kafunga duka," alisema mmoja wetu, tukacheka wote. Akamwambia jirani yake wa cherehani, "Wananitaja kwenye spika." Jirani akamjibu, "Wakutaje wewe, una kura ngapi?" Tukacheka tena. Hapo ndipo tulipokosea, Mheshimiwa, na hakuna chama kilichotusaidia kukosea. Hali ile tunaijua sisi kuliko mtu yeyote. Tuliiona, tukasema dada muuguzi atarudi Jumatatu. Wala hatukuhesabu mikasi jioni ya Ijumaa, kwa haraka ya kumaliza mashati yenu. Sasa mikasi ina ubao wake, na kuanzia leo itahesabiwa kila siku mbele ya watu wawili. Tumechelewa, lakini itahesabiwa.

Jumamosi Pindo alikuja kwenye mkutano wako akiwa na mkasi wa kukatia kitambaa. Hatuna haja ya kukusimulia sana, ulikuwa jukwaani. Alikwenda moja kwa moja kwenye spika kubwa kukata waya. Fundi wa mitambo ya sauti akamshika, akajeruhiwa mkono, na hadi leo vidole vyake viwili havikunjiki. Mwalimu aliyekuwa amekaa mbele akaja kusaidia, akachomwa begani, akalazwa wiki tatu. Tuliwaendea wote wawili kuomba msamaha. Mwalimu hakuweza kutupokea, na tunamwelewa. Fundi wa sauti alitupokea. Kipaza sauti hiki tunachosomea amekifunga yeye, bure, kwa mkono mmoja na nusu, kama anavyosema mwenyewe. Tulimwomba ruhusa tuyasome maneno yake, akakubali. Alisema hivi: "Jamaa hata hakuwa ananiona. Alikuwa analia, anasema zimeni, zimeni, nimeshasikia."

Jioni ile ile ulitangaza kwamba ametumwa na upande wa pili, kwa kuwa alivaa shati lao. Kesho yake wao wakasema umempanga wewe, ili uwapake matope. Kisha mtu akagundua kwamba shati lile lina mfuko kulia badala ya kushoto. Redioni mtaalamu mmoja alieleza kwa saa nzima kwamba hiyo ni alama ya kikundi cha siri. Maelezo uliyoandikisha polisi nayo yanautaja mfuko huo, na wiki ile ile karakana ikafungwa.

Mheshimiwa, mfuko ule niliushona mimi. Mimi ninayesoma hapa ndiye fundi wa mifuko. Siku ile nilikuwa nimebadilishiwa dawa, kichwa kizito, nikaligeuza shati bila kujua. Likaingia kwenye kasoro, na Ijumaa ile ilikuwa zamu ya Pindo. Kikundi cha siri ni mimi na ile cherehani ya karibu na dirisha. Nilikwenda kituoni kueleza. Askari aliandika mstari mmoja, akaniuliza ninatibiwa wapi. Nilipomwambia, akafunga daftari. Niliumia sana siku hiyo, na bado ninaumia.

CHANGAMOTO

Paa linavuja, umeme unakatika, cherehani tatu zinadai vipuri. Tulikuwa na orodha ndefu, tukakubaliana tusikuchoshe nayo. Leo tuna changamoto moja.

Kwa kuwa maelezo yako yanasema ametumwa, shauri la Pindo linaitwa njama, na polisi bado wanawatafuta waliomtuma. Daktari wetu ameandika barua kuomba ahamishiwe wodini, atibiwe huku kesi ikiendelea. Barua imekaa. Tunaambiwa tusubiri upelelezi ukamilike, na upelelezi haukamiliki kwa sababu hao wanaotafutwa hawapo. Huu ni mwezi wa tano yuko mahabusu bila sindano, na kila akiitwa anaulizwa swali lile lile.

OMBI

Tunaomba uende kituoni ukarekebishe maelezo yako. Hatuombi useme hakufanya. Alifanya, na mahakama itaamua. Tunaomba ubakishe uliyoyaona kwa macho yako, na uliyoyadhani uyaondoe. Tunajua si jambo dogo. Maneno yale yalishasemwa mbele ya watu, yakapigiwa makofi, na wapo watakaokuuliza mbona sasa. Wenzenu wa upande wa pili tumewaandikia nao wafute ya kwao. Hawajajibu. Wewe umekuja.

Pia gari la zahanati lisiazimwe tena siku ya sindano. Tulisema changamoto ni moja, lakini hili limeingia lenyewe. Dada muuguzi hakujua kama tutalisoma, kwa hiyo asigombezwe.

MWISHO

Mama yake Pindo yuko nasi, safu ya pili, mwenye mkoba mweusi. Jumatano alikwenda kumwona mwanawe, na ametuomba tulisome lililotokea kama lilivyo.

Alikaa mbele ya wavu, akamwita kwa jina alilompa yeye mwenyewe. Pindo akamwuliza, kwa adabu kabisa, "Umetumwa na nani?"

Mama akamjibu, "Sijatumwa, baba. Mimi mama yako. Nimekuja mwenyewe."

Akauliza tena. Mama akajibu tena. Waliendelea hivyo mpaka muda wa kuonana ukaisha.

Mheshimiwa, na sisi hatukutumwa na mtu.

Mungu akupe afya na usingizi mwema, awaponye mwalimu na fundi wa sauti, na atutunze sote tuliopo hapa pamoja na yule asiyekuwapo.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi Cherehani,
Karakana ya Ua wa Zahanati.