Risasi Nyepesi za Mama Godbless

Tunayemsindikiza leo hapa Kinondoni ni Severa Eliakimu Mushi, ambaye wengi mlimjua kama Mama Godbless. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kilema, Moshi, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Eliakimu na Mama Sophia. Mama Sophia, ambaye tuko naye hapa, anasema Severa hakulia alipozaliwa, na kwamba miaka yote iliyofuata alifidia kwa kuongea.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kilema, kisha sekondari mjini Moshi hadi kidato cha sita mwaka 1991. Akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, Ruvu. Wenzake walirudi wakilalamikia maharage, yeye alirudi akisimulia shabaha. Tangu hapo ilikuwa vigumu kumwambia kitu.

Mwaka 1993 aliingia Dar es Salaam kwa shangazi yake, akauza vitambaa Mtaa wa Kongo, baadaye akafungua duka la sare za shule Mtaa wa Sikukuu. Aliyeomba apunguziwe bei alipunguziwa, ila alisemwa kwanza. Fundi wake wa cherehani alikuwa Marcelino, kijana mpole aliyekuja kutengeneza hata mashine ambazo hazijaharibika, ili mradi apite pale dukani. Walifunga ndoa tarehe 24 Oktoba 1998, Parokia ya Msimbazi, wakajaliwa Godbless na Jacqueline.

Mwaka 2009 walijiunga na klabu ya kulenga shabaha nje kidogo ya jiji. Severa alipiga, Marcelino alisafisha bunduki na, kwa kibali, alitengeneza risasi kwa mkono, akijaza baruti kwenye maganda. Bunduki ya Severa ni ya kujipakia yenyewe. Nguvu ya risasi moja ndiyo inayotupa ganda nje na kuingiza risasi inayofuata. Aliipenda kwa sababu, alisema, haimpotezei muda.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, na mwezi Mei alifanyiwa upasuaji upande wa kulia. Bega likawa halistahimili tena teke la bunduki. Alimwambia mumewe kwamba anataka kitu kimoja tu kabla nguvu hazijamwishia: kupiga magazini moja, yaani kisanduku kizima cha risasi, mfululizo, bila kusimama, kama zamani.

Marcelino akaanza kupunguza baruti, na hapo ndipo kwenye kazi. Risasi ikiwa na nguvu inamuumiza mkewe. Ikiwa nyepesi mno haisukumi vyuma, ganda linakwama na bunduki inanyamaza. Kila walipokwenda kujaribu, Marcelino alianza yeye na risasi za kawaida kuhakikisha bunduki ni nzima, ndipo Severa akapiga zile nyepesi. Ikakwama. Wakarudi tena, ikakwama.

"Mama Godbless, acha nikuvutie mimi vyuma kwa mkono kila ukipiga," Marcelino alimwambia.

"Mimi si wa kuvutiwa, baba. Kama haijipakii, iuze."

Jumamosi ya tarehe 12 Julai 2025 Marcelino alikwenda na risasi mpya. Alienda kubandika karatasi ya shabaha, na aliporudi alikuta Severa ameshajaza magazini mwenyewe. Akapiga. Bunduki haikukwama hata mara moja. Alipomaliza aliishusha taratibu, jasho linamtiririka, anacheka.

"Umeziweza, Baba Godbless. Hizi ndizo."

"Hazikukuumiza?"

"Hata kidogo!"

Jumatano, tarehe 16 Julai, alfajiri, damu iliganda na kuziba mapafu, jambo ambalo daktari alisema huwapata wagonjwa wa aina yake. Severa alifariki dunia akiwa hospitalini. Marcelino alipewa mfuko wa nguo, akaupokea, akashukuru. Nyumbani alipeana mikono na kila aliyekuja, akajibu salamu zote, akauliza kama turubai linatosha. Ungedhani amekuja kwenye msiba wa jirani.

Mdogo wa marehemu, Candida, ndiye aliyemvalisha. Aliona bega la kulia limevilia damu, jeusi hadi karibu na kovu. Akatoka, akamkuta Marcelino amekaa mkekani.

"Shemeji, dada alianguka?"

"Hakuanguka."

"Sasa lile bega?"

"Siku ile niliokota maganda. Yalikuwa yameruka mpaka kule ukutani. Risasi zangu maganda yake yanaangukia miguuni. Alijaza zile za kawaida, Candida. Zangu zilikuwa bado zimo kwenye kopo."

"Na hukumwambia?"

"Alikuwa anacheka. Na yeye alitaka mimi niamini nimeweza. Nikamwambia, kweli, nimeweza."

Candida akamuuliza kama hayo yasemwe mbele za watu.

"Yasemwe. Mimi nimeganda, silii, sijui kwa nini. Labda wakisikia watanisaidia."

Severa ameacha mama mzazi, Sophia, mume, Marcelino, watoto wawili, Godbless na Jacqueline, na mdogo wake, Candida. Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani. Mume wake bado hajalia. Sisi tunaoweza, tumlilie Severa, na tulie pia ile sehemu ya Marcelino.