Nilibebwa kwenye Machela ya Wanywaji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wa nyuma huko mmeitika kama watu waliolazimishwa, lakini sawa, nitaendelea. Nasoma kidato cha tatu, nakaa Makanyagio, hapa Mpanda, kwa mjomba, na wengi mnanijua kwa kuwachekesha watu wakati wa maombi. Leo nimesimama kwa sababu nipo hai, na ilibaki kidogo nisiwepo.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa Bibi, Mwese. Kule milimani mvua ikinyesha pikipiki haifiki kijijini, mgonjwa anabebwa kwa machela mabegani mwa watu mpaka barabara kubwa. Kwa hiyo kila kitongoji kina kikundi cha machela, na sheria yake ni moja, asiyebeba habebwi. Wazee walikuja nayo kutoka Burundi na hakuna anayeihoji.

Sasa sisi walokole tulikuwa tumejitoa. Sababu ni pombe. Wabebaji wakishamfikisha mgonjwa, wakirudi wanakunywa pombe ya ndizi, na kanisa la kule likaona si vizuri watakatifu kukaa na wanywaji. Tukasema sisi tutawabeba watu kwa maombi. Ilisikika vizuri sana, mpaka nilipoumwa.

Tumbo lilianza asubuhi, chini upande wa kulia. Nikayasingizia maharage ya Bibi. Mchana nilikuwa nimejikunja kama jongoo. Kanisa likaja, sisemi uongo, walikuja wote. Waliimba, wakalifunga pepo la tumbo, wakanipaka mafuta hadi nikang'aa kama andazi. Mzee wa kanisa, Mzee Eliya, akatangaza kwamba nimepona. Watu wakasema amina.

Nikamwambia, "Mzee, mimi nimeamini, ila tumbo bado halijaambiwa."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nikaogopa, maana mimi nikitania watu hucheka.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Maombi yale hayakuwa ya uongo. Shida ni kwamba kila mtu mle ndani alijua kinachotakiwa, na kila mtu alikuwa amefumba macho. Watu wa machela wako ng'ambo ya bonde, nasi tulishawakataa. Nani aende kuwaomba? Tukaendelea kumwomba Mungu, kwa kuwa yeye hatujagombana naye.

Bibi ndiye aliyefumbua macho. Katikati ya maombi akasema amina kwa sauti, akakaza kitenge, akatoka kwenye mvua. Alikwenda kwa Mzee Gahungu, kiongozi wa machela, mtu ambaye tulikuwa tunamwombea aokoke. Bibi aliniambia baadaye kwamba njia nzima alikuwa anaandaa maneno ya kuomba radhi. Hakuyatumia. Alipofika mlangoni tu, yule mzee akamwuliza nani anaumwa, akachukua filimbi akapuliza.

Wakaja wanne, wamelowa, mmoja ananuka ndizi kabisa. Wakanilaza kwenye machela. Mzee Eliya akaanza kuwaeleza kwamba kanisa linatambua kuwa lilijitoa, na kadhalika. Mzee Gahungu akamkatiza.

"Maneno tutayaongea kijana akirudi. Bega lako ni zima?"

Mzee Eliya akavua koti. Akaingia chini ya mti wa mbele wa machela, sambamba na yule wa ndizi. Wanaume wengine wa kanisa wakafuata, wakawa wanapokezana. Mnaijua miteremko ya Mwese ikiloa. Walipoteleza walipiga magoti wote, walokole na wanywaji, ibada ya pamoja ambayo sijawahi kuiona. Mzee Eliya alikuwa anaomba huku anahema, neno moja, hatua moja. Safari hii niliamini kila neno, maana nililisikia likitembea.

Barabarani tukapata gari, na Mpanda nikapasuliwa. Kidole tumbo. Daktari alisema kilikuwa karibu kupasuka chenyewe.

Nikiwa wodini nilifikiri sana, jambo ambalo walimu wangu hawataliamini. Mimi sikufanya tendo lolote. Nyumba yetu ilikuwa haibebi, kwa sheria nilikuwa wa kufia kitandani, nikabebwa hivyohivyo. Hiyo ndiyo neema, na hakuna kazi inayoweza kuinunua. Lakini mtu aliyebebwa, akishapata miguu yake, halafu machela ikapita mbele yake na yeye amekaa anaimba, huyo bado anaumwa.

Kanisa la kule limerudi kwenye kikundi. Wakishamfikisha mgonjwa, wale wanakunywa vyao, sisi tunakunywa chai, kwenye ua uleule. Mzee Gahungu hajaokoka. Anasema anatuangalia kwanza.

Namshukuru Mungu aliyeniponya, na namshukuru kwa mabega aliyoyatumia. Nyie ambao hamjamwamini Yesu, mwaminini leo, laleni tu, atawabeba. Na nyie mlioamini zamani, amkeni. Mwese mvua zimeshaanza, na wabebaji hawatoshi.