Boila Itakunywa Maji Gani

Mama Birika alikuwa amelibana birika kubwa kati ya magoti, akichokonoa mdomo wake kwa kipande cha waya, Injinia alipofika kijiweni akihema na kusema boila ya kiwanda imefungwa. Hakuinua kichwa. Injinia alikuwa fundi baiskeli mwenye kibanda hatua tano kutoka hapo, na kila asubuhi alikuja na habari moja nzito ambayo kufikia saa sita ilikuwa imeyeyuka. Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu kwenye kona ya ukuta wa kiwanda cha mablanketi, jiko la mkaa, birika dogo la kahawa, birika kubwa la kuchemshia maji, na vikombe kumi na viwili. Tumbo la birika alikuwa ameshalikwangua kwa kijiko. Ukoko mweupe wa maji ya chumvi ulilala juu ya gazeti miguuni pake, vipande vipande kama maganda ya mayai. Kazi ilikuwa mdomo. Kijiko hakiingii, kidole hakiingii, na waya ulikuwa unatoboa njia ya uzi tu.

— Boila gani hiyo, aliuliza. Mume wangu si yuko nayo?

— Ndiyo nakwambia. Mkaguzi amekuja asubuhi, ameigonga kwa nyundo ndogo, ameisikiliza kama daktari, halafu akaipiga lakiri nyekundu. Honi ya saa nne umeisikia?

Hakuwa ameisikia. Waya ukasimama.

Ndipo alipomwona mumewe anavuka barabara, jua limewaka, ovaroli safi. Miaka kumi na tisa hajawahi kumwona nje ya geti saa kama hiyo. Alimkagua bila kutaka: kichwa, mikono miwili, miguu miwili. Kaka yake mwenyewe Mama Birika alikuwa mchochea moto wa kiwanda cha ngozi, na siku boila ya huko ilipopasuka, mlango wake wa chuma ulikutwa juu ya paa la shule, mtaa wa pili. Tangu jioni ile Mama Birika hali chakula kabla ya kuhesabu watu.

Mumewe alikaa mwisho wa benchi. Kijiweni walimwita Kipimo, kwa sababu hata akiongea nawe macho yake hutafuta ukutani kitu cha kusoma.

— Imezeeka, alisema. Chuma kimeliwa kimekuwa chembamba. Ofisi ilishaanza kutafuta nyingine, zimebaki mbili. Saa nane niende nikachague.

— Uchague wewe? Injinia aliuliza.

— Meneja kasema wewe ndiye utakayesimama mbele yake kila siku, sema unataka ipi. Nikishasema, naweka sahihi.

Upande wa pili wa benchi, Wakili alishusha kiatu alichokuwa anakishona. Alikuwa fundi viatu, na jina hilo alipewa kwa kubisha.

— Sahihi, shemeji? Hapo wamekuweka kati. Ikipasuka, karatasi itasema uliitaka mwenyewe.

— Mtu hajameza hata funda moja, unamtajia kupasuka, alisema Mama Birika. Akamimina vikombe vitatu, cha mumewe akakijaza mpaka juu.

— Mambo mepesi haya, alisema Injinia. Chukua ya umeme. Unabonyeza kitufe, unakaa kitako.

— Ya umeme imeshatolewa. Nyaya za kiwanda haziubebi mzigo huo, na mvuke tunaotaka sisi ni mwingi.

— Mwingi kiasi gani?

Kipimo aliangalia kikombe chake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukimgusa boila ulimi unafunguka.

— Chukua ndoo moja ya maji. Ichemshe yote iwe mvuke, uuache utanuke. Utajaza chumba cha kulala, kuta hadi dari.

Benchi zima likacheka.

— Ndoo moja? Wakili alipangusa machozi. Shemeji, leo umepigwa na jua.

— Sisi hatuuachi utanuke. Tunaubana. Ukibanwa unasukuma. Pale ndani, kwenye upana wa kiganja changu tu, unasukuma kwa uzito wa ng'ombe wawili. Na kiganja cha pembeni yake wawili wengine. Hivyo hivyo boila nzima.

Hakuna aliyecheka tena. Injinia alikigeuza kiganja chake, akakitazama kama amekabidhiwa leo.

Mama Birika hakucheka tangu mwanzo. Mara moja, siku ya wake kutembelea kazi za waume, alipelekwa kuiona. Alichungulia moto kwenye tundu la kioo, akaona mwanga mweupe usio na umbo, na sakafu ikimtetemesha meno. Lakini kilichomkaa moyoni kilikuwa kile kibomba cha kioo ubavuni, na maji yamesimama ndani yake urefu wa kidole. Yametulia tu. Mumewe alimwambia, kidole hicho kikishuka chini ya alama, kimbia. Aliporudi nyumbani alipika, akafua, akalaza watoto, na kidole kile cha maji kilikuwa bado kimesimama machoni pake.

— Haya, hizo mbili zikoje? aliuliza.

— Ya kwanza nene, imelala kama pipa. Moto unapita ndani ya mabomba, maji yameyazunguka kwa nje. Unaiwasha alfajiri, unangoja saa mbili ipate mvuke, lakini ikishapata imeshiba, haiyumbi. Ya pili imesimama wima, nyembamba. Kinyume chake: maji ndiyo yamo ndani ya mabomba, moto uko nje unayalamba. Dakika chache tu, mvuke huo. Inakula mafuta kidogo, na inakaa hata pale stoo.

— Maji ndani ya bomba, moto nje, alirudia Wakili taratibu. Aliyefikiria hivyo alikuwa ametoka wapi?

— Boila za kuzalisha umeme ni za namna hiyo. Nyingine zina urefu wa ghorofa ishirini.

— Hapo sasa unatuuzia mbuzi kwenye gunia. Ghorofa ishirini za maji ya moto?

— Acheni niwaambie mimi, alisema Injinia, akisogea katikati ya benchi. Mvuke ni maji yaliyokasirika. Yale ya boila ya zamani yamekasirishwa miaka arobaini, mvuke unarudi maji, maji yanarudi mvuke. Mpaka leo yanamjua kila mtu pale kwa sauti. Ndiyo maana hayamkubali mwingine isipokuwa Kipimo.

— Hilo nakubali, alisema Wakili. Na ungeifunga magurudumu ingevuta mtaa mzima.

— Magurudumu ya nini? Ungeziba matundu yote, ukaacha moja la chini, ukaja asubuhi ukakuta shimo. Boila iko mwezini.

Walikubaliana kwamba ingefika mwezini, wakabishana siku ngapi. Chumba cha mvuke wamekikataa, mwezi wameukubali. Mama Birika aliwaacha wapande juu, akamgeukia mumewe.

— Hiyo nyembamba ina maji kiasi gani ndani?

— Kidogo sana. Ndiyo uzuri wake mwingine. Hata bomba likipasuka, hakuna maji mengi ya kulipuka kwa pamoja. Haibebi mlango.

— Basi chukua hiyo.

— Ofisi nayo inaitaka hiyo.

— Chukua hiyo, baba watoto. Weka sahihi uje ule.

Alisema kwa sauti ya kufunga mjadala, na mjadala ukafungika. Wakati huohuo alikuja mama mmoja mgeni na kapu la mashuka kichwani, akalitua, akaomba kahawa. Alikuwa dobi, ana safari ya kupeleka nguo nyumba ya wageni, jua limemshinda. Alikunywa huku anatazama waya ukizunguka kwenye mdomo wa birika.

— Dada, mbona unalitesa hivyo?

— Limeziba. Maji ya hapa ukiyachemsha yanaacha ukoko. Tumboni naukwangua, mdomoni siufikii. Hili la tatu. Mawili nimetupa, tumbo zima kabisa, mdomo umekufa.

— Pasi yangu ya mvuke ilikufa hivyohivyo. Dobi alipuliza kikombe. Nimewasikia mnanunua boila. Itakunywa maji gani?

Wakili alirudi kushona kiatu. Kipimo alitafuta ukutani kitu cha kusoma, hakukipata.

— Ya kisima cha kiwanda, alisema mwishowe.

— Na bomba la kona hii? aliuliza dobi.

Hilo alilijua Mama Birika peke yake, maana alipanga foleni na ndoo siku lilipofunguliwa. Kisima kilekile. Alilitazama birika mapajani mwake. Tumbo nene, kijiko kinaingia. Mdomo mwembamba, maji ndani, ukoko ndani.

— Hiyo ya zamani, alimuuliza mumewe, haifanyi ukoko?

— Inafanya. Kila mwaka inazimwa, inapoa, naingia kwa tundu la juu na nyundo na brashi. Naukwangua nje ya mabomba. Siku tatu. Aliongea kama anayesimulia kufagia uwanja, hajawahi kuulizwa.

— Na hiyo nyembamba utaingilia wapi?

Kipimo alilichukua birika, akaingiza kidole kwenye mdomo, kikagota. Akaligeuza kwenye jua, akaona tumbo lililokwanguliwa linang'aa ndani na tundu la mdomo bado limevaa nguo nyeupe.

— Bomba likiziba, maji hayapiti, alisema polepole. Maji yasipopita, moto unakula chuma. Linapasuka. Na mimi nimesimama pale.

— Lakini ulisema haibebi mlango, alisema Wakili.

— Mlango haibebi. Mtu wa mbele yake anaungua.

Mama Birika alitaka sana kunyamaza. Nyembamba ndiyo aliyoitaka. Ile ya kiwanda cha ngozi ilikuwa nene, nayo ndiyo iliyomchukua kaka yake. Lakini alikuwa amekwangua birika kila wiki kwa miaka, na mkono wake ulijua jambo hilo kuliko moyo.

— Nenda na birika, alisema. Usiongee sana, hujui kuongea. Waambie wamimine wenyewe.

Birika dogo nalo lilikuwa limekauka. Dobi alitafuta chenji, Mama Birika akamwambia aende zake bila kulipa.

Saa kumi na mbili jioni alikuwa ameshaivisha ugali na maharage. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, mtoto mkubwa amefika, wa kati amefika, mdogo analialia njaa. Sahani sita zimepangwa, chakula hakijaguswa. Saa moja kasoro mlango ukasukumwa.

— Umechelewa, alisema Mama Birika.

— Walinicheka. Mtu mzima kaingia ofisini na birika kwapani. Alinawa mikono taratibu. Meneja akasema haya, tumimine. Akainamisha, akainamisha, maji yanatoka uzi. Akaacha kucheka. Akamwuliza yule mwenye tai anayeuza ile nyembamba, hii ikiziba tunaisafishaje. Akasema kuna dawa ya maji, kuna mtambo wa kuyalainisha, unauzwa peke yake. Meneja akasema mbona hukusema. Yule wa tai akapekua makaratasi mpaka jasho likamtoka.

— Kwa hiyo?

— Maji yanapelekwa kupimwa kesho. Mtambo wa kuyalainisha utakuja kwanza. Na boila ni ile nene. Nimeweka sahihi.

Mama Birika alitikisa kichwa kukubali. Aliona tena kile kidole cha maji ndani ya kioo, kimetulia ubavuni mwa ng'ombe wote wale.

— Na tundu la kuingilia?

— Pana. Kuliko la zamani. Vipimo vyake nimevilinganisha na mabega yangu.

— Birika langu liko wapi?

— Meneja kalibakiza mezani. Anataka kuwaonyesha wakubwa.

— Kesho nitachemshia nini, sufuria?

— Sufuria, alisema mumewe, na mtoto mdogo akacheka.

Alivuta mkeka, akakaa, akawahesabu kwa macho kuanzia mlangoni. Mama mkwe, mkubwa, wa kati, mdogo, baba yao, yeye mwenyewe. Sita.

— Haya, kuleni.