Sahihisho la Ukurasa wa Kwanza

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliotushika mkono tangu juzi, mlioko nyuma ya turubai tunawaomba msogee, maana marehemu hakupenda habari isikike nusunusu.

Baba yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Mzee Hakikisha, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi vyuma na mshona nguo. Kadi ya zahanati ndiyo inasema tarehe 14, shangazi yetu mkubwa anashikilia ni tarehe 15, na kwa kuwa marehemu aliagiza kila tarehe ithibitishwe na watu wawili, na hakuna aliyethubutu kubishana na shangazi, zote mbili zimesomwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza sekondari Novemba 1970, na huko ndiko alikoanzisha gazeti la ukutani, ambalo mwalimu mkuu alilibandua mara tatu, naye akalibandika mara nne. Tarehe 2 Mei 1973 aliajiriwa gazetini, akapewa taipureta kuukuu na meza yenye mguu mmoja mfupi, ulioinuliwa kwa magazeti ya juzi.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba. Mama anasema kila alipotoka kazini na kusema amecheleweshwa na foleni ya wagonjwa, marehemu aliuliza foleni ilikuwa ya watu wangapi.

Sehemu inayofuata aliiandika mwenyewe, akakataza isirukwe. Tarehe 6 Machi 1984, wanafunzi thelathini na wawili wa shule moja ya bweni walitapika na kuharisha, marehemu akaambiwa getini na mtu mmoja, mmoja tu, kwamba mpishi aliwapa chakula kilichochacha, akaiwahisha habari ile gazeti pinzani lisije likamtangulia, na kesho yake jina la mpishi likawa ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene kama kidole gumba. Siku tisa baadaye ikabainika kuwa uchafu ulikuwa kwenye tangi la maji, lakini mama wa watu alikwisha kufukuzwa kazi, na wanawe mtaani walikwisha kuitwa watoto wa sumu. Mhariri akaweka sahihisho ukurasa wa kumi na nne, mistari mitatu, chini ya tangazo la magodoro. Msomaji wa historia hii, ambaye ni bintiye wa kwanza, alikuwa na miaka sita, na anakumbuka baba alivyorudi mchana siku ile, akakaa kitandani na viatu vyake.

Hapo ndipo lilipoanza jina la Hakikisha, tulilolicheka sana bila kujua lilikozaliwa. Aliandika vitabu vitatu, akastaafu tarehe 31 Julai 2011, na mwaka uliofuata, tarehe 20 Juni, akampata yule mpishi, mbali na mji aliohama kwa aibu. Mama huyo hakumfokea, alimkaribisha kiti, akamwambia kwamba alichafuliwa mbele za watu, kwa hiyo kunong'onezwa samahani sebuleni hakumsaidii kitu.

Marehemu akaanza kitabu cha nne, ambacho ukurasa wake wa kwanza ungesomwa hadharani siku ya uzinduzi. Tarehe 9 Januari 2022 kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia, akajifunza kuandika kwa wa kushoto, herufi zikipinda huku na huku. Hakuogopa kufa, jamani, aliogopa kufa kabla ya siku hiyo, na ndivyo ilivyokuwa, kwani alifariki tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, siku kumi na moja kabla ya uzinduzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliotupikia na kutufulia, na wanahabari wenzake, ambao leo tunawaomba muandike bila kupunguza.

Maana mpishi yule amesafiri siku nzima, yuko hapa, kiti cha mbele, kando ya mama yetu. Ameomba jina lake lisitajwe, lilikwisha kutajwa vya kutosha, anataka watu wauone uso wake. Mama, tafadhali simama.

Katika ukurasa ule wa kwanza wa kitabu chake, marehemu ameandika hivi: mama huyu hakumdhuru mtoto yeyote, chakula chake kilikuwa safi, maji ndiyo yaliyokuwa machafu, mimi niliandika uongo kwa sababu ya haraka, na ninamwomba radhi mbele yenu wote.

Mama, ahsante, unaweza kukaa. Baba, imesomwa, na waliosikia ni zaidi ya wawili. Pumzika, safari hii kwa amani.