Banda la Mbuzi Katika Ofisi ya Vibali

Benchi letu liko ubavuni mwa kinyozi, mkabala na geti la ofisi ya vibali vya ujenzi. Mimi ndiye mwenye birika, na wote wananiita Shangazi, hata wale niliowazidi miezi mitatu tu. Kushoto, pale ubao ulipolegea, hukaa fundi saa tuliyempa jina la Dakika Mbili, maana hakuna saa anayoipokea bila kusema "nipe dakika mbili", na zipo zilizolala kwake tangu mwaka jana. Katikati hukaa Wakili. Mahakamani hajawahi kukanyaga. Anauza makufuli, ila akianza kubisha utadhani ana mteja kizimbani. Kulia ni pa Muhuri, karani wa hapo ofisini, anayegonga mihuri kwenye ramani za nyumba za watu tangu asubuhi mpaka kidole gumba kinageuka bluu. Jumatano moja alitoka saa kumi na moja, akavuka barabara bila kutazama magari, akakaa, akaomba kahawa, kisha akaisahau mkononi.

— Kuna nini? nikamuuliza.

— Kesho saa mbili asubuhi napeleka barua ya kujieleza, Shangazi.

— Umefanya nini tena?

— Nimecheza gemu kwenye kompyuta ya ofisi.

Dakika Mbili akacheka hadi kahawa ikampalia. Wakili hakucheka. Alisogeza makufuli yake chini ya benchi, akakunja nne.

— Anza mwanzo, akasema. Na usinifiche kitu.

Mwanzo wenyewe ulikuwa binti yake. Muhuri alihamishiwa huku kikazi miaka miwili iliyopita, na mtoto, wa miaka kumi na mmoja sasa, akabaki kwa bibi yake kwa ajili ya shule. Kwenye simu ni mtoto wa maneno matatu: shikamoo baba, nzuri, haya. Muhula huu shuleni kwao wamepata chumba cha kompyuta, na kila Jumatano saa saba mchana wanaruhusiwa kucheza gemu moja ya kujenga shamba. Watu wawili wanaweza kulijenga pamoja hata kama wako mbali, na chini ya skrini wanaandikiana.

— Akaniomba nicheze naye, akasema Muhuri. Hajawahi kuniomba kitu, huyo. Saa saba ni muda wangu wa chakula. Nikaona nitamnyima vipi? Simu yangu ni ya kubonyeza. Kompyuta niliyonayo ni ile ya mezani kwangu.

— Ile inayonguruma? nikauliza. Maana siku madirisha yao yakiwa wazi, feni yake tunaisikia huku ng'ambo.

— Hiyohiyo. Jumatano ya kwanza nilifungua gemu, mashine ikazima kabisa, ikakataa kuwaka mpaka saa tisa. Ya pili ikafunguka, lakini picha inasogea hatua moja, inatulia, nusu dakika, hatua nyingine. Mpaka nimegeuza shingo kumtazama mwanangu, keshajenga kuta nne na mlango. Ya tatu mausi ikaganda, nikawa natembea kuelekea kisimani bila kutaka, nikatumbukia.

— Ukafa? akauliza Dakika Mbili.

— Nikaanza upya. Wiki nzima nikawa najifunza kuipunguzia mzigo. Nikaondoa vivuli. Nikaondoa majani, maji, mawingu. Mbuzi wakabaki masanduku meupe yasiyo na miguu. Lakini leo, jamani, leo ilikwenda. Nilikuwa nashika jembe, yeye anapaua banda la mbuzi, tunaandikiana kama watu waliokaa sebule moja. Ameniambia habari za mwalimu wake wa hesabu, za rafiki aliyemnunia, za jino lililong'oka. Kwa dakika ishirini nimemjua mwanangu kuliko miaka miwili ya simu.

— Sasa barua imetoka wapi? akauliza Wakili.

Muhuri akaiweka kahawa chini.

— Asubuhi skrini ya ukutani, ile inayoita namba za watu kwenye foleni, iligoma. Fundi wa kompyuta akaja, akachomeka waya wake kwenye kompyuta yangu, akaniambia "isikusumbue". Sikujua kwamba kila ninachokiona mimi, ukutani kinaonekana vilevile. Ukubwa wa mlango.

Hapo hata kinyozi alizima mashine yake akasogea dirishani.

— Nasikia watu nje wanapiga kelele, "nyuma yako, nyuma yako." Nikajua kuna mwizi. Kumbe mbuzi ameingia bustanini nyuma yangu, wao wanamwona. Watu arobaini. Halafu nikasikia viatu vya mkuu wetu. Nikazima skrini yangu haraka, nikashika faili. Faili lenyewe nimelishika juu chini. Akasimama mlangoni, akaniangalia, akaangalia ukutani, akaniambia, "Kesho saa mbili, kwa maandishi." Basi.

— Atakufukuza? nikauliza.

— Sijui. Mkuu wetu, yule mama, hasemi mara mbili. Kinachonichoma si kazi tu, Shangazi. Nikifukuzwa, mtoto atajua ni kwa sababu ya lile ombi lake. Hataomba tena kitu maishani.

Benchi letu lakini haliwezi kukaa na huzuni muda mrefu; Dakika Mbili alikuwa keshafikiri.

— Andika kuwa ni kirusi. Kompyuta iliingiliwa.

— Kirusi kinachojenga banda la mbuzi?

— Virusi vya siku hizi vimesoma.

— Hapana, akasema Wakili. Usikane kitu kilichoonwa na watu arobaini. Badilisha jina lake. Hukucheza; ulikuwa unaipima mashine kama bado ina nguvu za kuhudumia umma. Tena waulize, pale kwenye foleni leo kuna mtu aliyegombana?

— Hakuna, akakiri Muhuri.

— Kuna aliyelalamika kucheleweshewa?

— Wapo walioitwa namba zao wakakataa kuja dirishani.

— Umeona? Hiyo ni huduma mpya. Wanapaswa kukupandisha cheo.

Dakika Mbili hakutaka kuachwa nyuma. Akashika mkono wa Muhuri, akakiinua kile kidole cha bluu ili sote tukione.

— Ugonjwa. Miaka ya kugonga mihuri imekaza mishipa. Daktari amekuamuru ubonyeze vitu vidogovidogo kila Jumatano.

— Daktari gani?

— Mimi nitasaini. Nafungua saa za wanawake, vyuma vidogo kuliko punje ya mchele. Nishindwe na kidole?

Wakili akamsukuma pembeni. Nilimjua; hapo alikuwa amefika anapopapenda.

— Sikiliza hapa. Ukutani alionekana nani?

— Mimi.

— Ulionekana wewe, sura yako?

— Hapana. Alionekana mtu mwenye kofia ya njano na jembe.

— Wewe una kofia ya njano?

— Sina.

— Jembe?

— Sina.

— Basi mshtakiwa hajatambuliwa. Kulikuwa na jina?

— Juu ya kichwa iliandikwa "Baba".

— Akina baba ni wengi mno mji huu. Wakusanywe wote kwanza.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa ya watu. Muhuri naye mdomo ulimcheza, mara ya kwanza tangu akae. Wakili alipoona anachekewa ndiyo akazidi kupanda.

— Au twende mbele zaidi. Ofisi yenu inatoa nini?

— Vibali vya ujenzi.

— Na mlikuwa mnafanya nini wewe na binti?

— Tunajenga banda.

— Lenye kuta?

— Na paa.

— Kwa hiyo ni kazi ya ofisi. Tatizo pekee ni kwamba banda halina kibali. Jaza fomu, chora ramani, rudisha tarehe wiki mbili nyuma, gonga muhuri. Muhuri si unao mwenyewe?

— Unataka nifungwe kwa banda ambalo halipo?

— Kama halipo, akasema Dakika Mbili, utafungwa kwa lipi?

Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kama kitu kisichokuwepo kinaweza kuvunjwa kwa amri ya serikali, na mbuzi wasio na miguu watahamia wapi. Ndipo akaja mama mmoja mtu mzima, faili la plastiki kwapani, akiwa ametoka geti la ofisini.

— Hamjambo, wanangu.

— Hatujambo, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Naona kahawa bado ipo.

Nikammiminia. Akakaa ncha ya benchi, akanywa fundo moja, kisha akamtazama Muhuri kwa muda.

— Si wewe baba wa yule mtoto?

Muhuri akainamisha kichwa.

— Ndiyo, mama. Utuwie radhi kwa usumbufu wa leo.

— Usumbufu gani? Nilikuwa namba thelathini na nane, na mguu huu unaniuma, sikuusikia kabisa. Ila wewe uliondoka vibaya.

— Nilizima, mama. Mkuu alikuja.

— Ulizima ya kwako. Ya ukutani iliendelea kuwaka. Wewe umesimama bustanini na jembe lako, hutikisiki. Mtoto akaandika, "Baba?" Akasubiri. Akaandika, "Baba, uko hapo?" Akaja akakuzunguka. Akaandika tena, "Baba, uko hapo?" Mara nne, nilihesabu. Kuna kijana alinyanyuka akataka kuja kukugongea dirisha. Mkuu wenu mwenyewe alisimama pale, miwani mkononi, anasoma. Mpaka kengele ya shule yao labda ilipolia, mtoto akatoweka.

Akanywa fundo la pili.

— Ulishamjibu?

Nilimtazama Wakili, Wakili akatazama makufuli yake. Dakika Mbili akaanza kujaza ufunguo saa ambayo ilikuwa imejaa. Tangu saa kumi na moja tulikuwa tunatunga barua ya mkuu, mstari kwa mstari, na hakuna hata mmoja wetu, wala Muhuri mwenyewe, aliyekuwa amemfikiria mtu aliyeachwa bustanini.

Barua aliiandika usiku ule peke yake, mistari mitano, hakuna kirusi wala kidole. Alipewa onyo kwenye faili, na mkuu akamwambia kwamba saa ya chakula ni yake, mradi waya wa ukutani uchomolewe kwanza. Hayo alitusimulia kesho yake akitabasamu, na Wakili hadi leo anadai ushindi ni wake.

Lakini jioni ile hatukuyajua hayo. Tulichokiona ni Muhuri akinyanyuka, akasimama kwenye kona ya ukuta wa kinyozi, akabonyeza namba kwenye ile simu yake ndogo, akaomba kwa mama yake apewe mtoto. Alisubiri kwa muda, mgongo ametupa sisi, kiganja kimeziba sikio la pili.

— Mwanangu, tukamsikia akisema. Nipo. Nilikuwa nipo.