Y ya "Baadaye"

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, na kahawa ni yangu, kwa hiyo upuuzi wote unaosemwa hapa naupasha moto mimi. Jana alasiri walikaa watatu. Wakili, ambaye sheria yake yote aliiokota akiwa mlinzi wa geti la mahakama. Bomba, fundi wa mabomba. Na Mwalimu, mstaafu, ametoka kwa mwanasheria wa kweli, uso umemshuka. Nyumba aliyoijenga kwa kiinua mgongo ina vyumba viwili, na ukuta unaovigawa umepasuka juu mpaka chini. Asubuhi mkaguzi wa majengo ameuchora alama nyekundu ya X: asilale mtu humo. Mwanasheria naye kamwambia hana kesi, kwa sababu alishasaini.

— Kwani ulisaini nini, Mwalimu? Bomba akauliza.

— Ufa ulipotokea mara ya kwanza, mkandarasi alirudi, akapiga lipu, akapaka rangi. Kisha akaniletea karatasi: "Nimeridhika na kazi, sina madai yoyote sasa wala baadaye."

— Na wewe hukuisoma?

— Niliisoma sana! Ndiyo aibu yenyewe. Yule kijana nilimfundisha mimi. Aliandika "baadae". Nikatoa kalamu nyekundu, nikamwekea y. Nikamwambia, wee, mpaka leo unaimeza y? Tukacheka. Nikampigia vema, nikasaini.

Wakili nusura amwage kahawa yangu.

— Mwalimu, umejimaliza! "Baadae" bila y haimo kwenye kamusi. Neno lisilokuwemo halimfungi mtu. Ungeliacha vilevile, leo unadai mpaka mabati!

— Mwanasheria kasema y au bila y, maana ni ileile.

— Huyo kasoma vitabu, mimi nimekaa getini. Nenda mahakamani! Asiyekubali kushindwa si mshindani.

— Hiyo inamwambia akubali, nikasema.

— Wewe mimina kahawa.

Bomba akajisogeza.

— Mimi naona hivi. Mwalimu alisamehe ufa wa zamani. Huu wa sasa ni mtoto wake, na siku ya saini alikuwa hajazaliwa.

— Ni uleule, Bomba. Umeanzia kwenye msingi. Lipu iliuvalisha shati tu.

— Ndiyo wahenga wakasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umeziba, sasa ukuta utaupata wapi?

— Tulieni, Wakili akasema. Ile haikuwa hati. Ilikuwa imla! Imesahihishwa, ina vema. Tunamwambia hakimu hili ni daftari la mazoezi.

— Tena huyo mkandarasi anyang'anywe cheti cha shule, Bomba akadakia. Asiye na cheti hajui kuandika. Asiyejua kuandika, karatasi kaiandika nani? Kesi imekwisha!

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe kitupu.

— Mke wangu aliniambia ngoja mvua zipite kwanza ndipo usaini. Yeye ndiye anayelala upande ule, miguu yake haimruhusu kutoka, anausikia ukuta ukilia. Nikamwambia asimwonee mtoto wa watu. Nilikuwa namwonea fahari, jamani. Mwanafunzi wangu kunijengea nyumba! Miaka yote nawaambia watoto, soma uelewe. Mimi nikasoma nisahihishe.

Wakili akakohoa, akaanza kusema kuhusu wino mwekundu, kwamba wino mwekundu hautambuliki kisheria. Hakumaliza. Binti wa Mwalimu alikuwa amesimama mbele yetu, kanga imejaa vumbi la saruji.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Baba, kitanda tumeshakitoa. Mama yuko uani, kwenye kiti. Wingu lile linakuja. Leo atalala wapi?

Nikamtazama Wakili. Wakili akamtazama Bomba. Bomba akaangalia viatu vyake. Nikainua birika nipate la kufanya, yakatoka machicha.

— Tangulia, mwanangu, Mwalimu akasema. Mimi nakuja baada...

Y hakuifikia. Akaweka kikombe chini, akainuka, akaondoka naye.